Ukiwa hupo, nani atie saini? Hati ya uwakilishi na njia nyingine tatu kwa fundi mwenye biashara Tanga

Biashara nyingi za ufundi hapa Tanga zinaendeshwa kwa saini moja. Pita Ngamiani, tangu barabara za mwanzo hadi zile za kumi na kitu: karakana za mageti na magrili, maseremala, maduka ya vifaa vya umeme na mabomba. Kila kibao kina mtu mmoja nyuma yake. Leseni ya halmashauri ina jina lake, TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni yake, akaunti ni yake, na laini inayopokea malipo kaisajili kwa alama za vidole vyake. Mtu huyo akipewa rufaa kutoka hospitali ya Bombo kwenda Muhimbili, akienda Hija, au akipata mkataba wa miezi sita Muscat, kazi za watu zinabaki zimelipiwa nusu, vijana wanataka posho yao Jumamosi, na tarehe za TRA hazimsubiri mgonjwa apone.

Hapo ndipo watu huanza kuulizia hati ya uwakilishi, ile ambayo wengine huiita hati ya nguvu ya kisheria. Ni karatasi nzuri. Lakini imebebeshwa sifa isizokuwa nazo, na wapo wanaoifuata kwa wakili wakati walichohitaji ni fomu ya benki tu. Kwa hiyo naiweka kando ya njia nyingine tatu ambazo watu wa hapa huzitumia kweli: kuachia kadi na namba ya siri, kuongeza mtia saini benki, na kuigeuza biashara iwe ubia au kampuni. Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni, ingawa sote tunamjua mtu wa aina hiyo: fundi umeme mwenye duka dogo la vifaa, vijana wanne wa kufunga nyaya, mke anayekaa kaunta, na mdogo wa fundi mwenyewe, anayeijua kazi ila hesabu zinampiga chenga.

Kadi na namba ya siri

"Shika hii, namba unaijua." Haina gharama na inaanza kazi saa hiyohiyo. Kwa safari ya siku tatu kwenda Dar kuchukua mzigo, simlaumu mtu.

Tatizo lake si wizi peke yake. Kadi inatoa fedha kwa kiwango cha siku, basi. Haisaini hundi, haiombi taarifa ya akaunti, haijibu benki inapouliza. Masharti ya benki yanakataza kumpa mtu mwingine namba ya siri, kwa hiyo fedha zikipotea utaambiwa uliitoa mwenyewe. Na mke akisogea dirishani kwa jambo lolote lililo nje ya mashine, ataulizwa kwa adabu: "Samahani mama, mwenye akaunti mwenyewe yuko wapi?" Cheti cha ndoa hakisaidii hapo. Ndoa haimpi mume wala mke haki ya kutia saini kwenye akaunti ya mwenzake, na wengi hulijua hilo wakiwa wamesimama kwenye foleni.

Simu ina shida hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na ikipotea au kuharibika, wa kuirudisha ni mwenye kidole. Biashara ambayo makusanyo yake yote yamo kwenye simu ya mtu aliyelazwa wodini iko hatarini kuliko ile yenye madeni. Kama unatumia lipa namba, jizoeze kuzihamishia fedha zake benki mara kwa mara, kwa sababu benki angalau wana fomu ya kumruhusu mtu mwingine.

Saini ya pili benki

Njia hii haisifiwi inavyostahili. Unakwenda tawini na mtu unayemwamini, kila mmoja na kitambulisho chake cha NIDA na picha, mnajaza fomu ya watia saini. Mnaeleza kama yeyote anaweza kutoa fedha peke yake au ni lazima wawe wawili. Benki nyingi zitakubali pia uweke kikomo: peke yake hadi kiasi fulani, juu ya hapo saini mbili.

Hapa kuna mtego. Watu huchagua "wote wawili pamoja" kwa ajili ya usalama, kisha mmoja anasafiri na akaunti inalala. Ikiwa shabaha ni biashara iendelee wewe ukiwa mbali, mpangilio huo ni bure. Afadhali muwe watatu na mtake saini za wawili wowote, au umruhusu mmoja peke yake kwa kiwango cha matumizi ya kawaida ya mwezi.

Udhaifu wake ni kwamba inafungua mlango mmoja tu. Mtia saini wa benki hana mamlaka ya kusaini mkataba wa kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu kule Sahare, wala kumdai mteja mahakamani, wala kuchukua nyaya za mali kauli kwa jina lako, wala kumjibu mwenye fremu anayepandisha kodi ya pango. Kwa fundi wetu, ambaye nusu ya biashara ni kazi za nje na nusu ni kaunta, saini ya benki inatosha kwa upande wa kaunta. Upande wa pili unabaki wazi.

Hati ya uwakilishi

Kisheria huu ni uwakala, nao unasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mwakilishi akitenda ndani ya mamlaka uliyompa, ni kama umetenda wewe. Akisaini kuchukua vifaa vya milioni tano kwa mali kauli na hati inamruhusu, deni ni lako, hata kama vifaa vimekaa vibaya au kazi imeharibika. Si lazima umlipe ili uwakala uwe halali, kwa hiyo mke au ndugu anaweza kuifanya kazi hiyo bila malipo. Kwa kawaida hana ruhusa ya kumpasia mtu wa tatu kazi uliyomkabidhi yeye, na anawajibika kukupa hesabu ukimwuliza.

Zipo za aina mbili. Ya jumla inasema afanye lolote ambalo ungelifanya mwenyewe. Mahsusi inataja mambo yenyewe. Mimi napendekeza mahsusi, hata kwa mke uliyeishi naye miaka thelathini, na sababu si kutomwamini. Mamlaka ya namna hii husomwa kwa kubanwa: kisichoandikwa huhesabiwa hakikutolewa. Karani anayesoma "afanye mambo yangu yote" anaogopa, anapandisha faili makao makuu, na wiki mbili zinapita. Anayesoma "atoe fedha kwenye akaunti namba fulani, kwa ajili ya mishahara, pango na ununuzi wa vifaa vya duka, zisizozidi kiasi fulani kwa mwezi" anajua la kufanya.

Kwa fundi wetu ningeandika kwamba mke anaweza kupokea malipo na kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi; kulipa vijana, pango na umeme; kununua vifaa hadi kiwango kilichotajwa; kudai na kupokea madeni; kuwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi, na kulipa kodi kwa niaba yake; kuhuisha leseni ya biashara halmashauri; na kusaini mikataba ya kazi isiyozidi thamani fulani. Kipengele cha kodi kisisahaulike. Awamu za kodi ya mapato kwa anayefuata mwaka wa kalenda huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na aliyesajiliwa kwa VAT huwasilisha ritani kufikia tarehe 20. Miezi sita ya kukaa Muscat inapita juu ya tarehe hizo zote, na adhabu zinajikusanya kwenye TIN yako wewe.

Muhimu kama hayo ni unayomkataza. Andika waziwazi kwamba hawezi kukopa, hawezi kuweka rehani, hawezi kuuza gari wala mashine. Hati nyingi nilizopata kuzisoma zimenyamaza kuhusu mkopo, na hapo ndipo ugomvi wa ndugu huota. Weka tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Utayarishaji wake si mrefu. Wakili ambaye ni kamishna wa viapo na mthibitishaji anaiandika au anaikagua, wewe na mwakilishi mnakwenda na vitambulisho na picha, unasaini mbele yake, anagonga muhuri. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na kwa karatasi ambayo mwuza jumla wa nyaya atataka kuisoma mwenyewe, Kiswahili ndicho kinachofaa. Asiyejua kusoma huweka dole gumba, na wakili aandike kwamba alisomewa akaelewa. Kisha kuna ushuru wa stempu, ambao watu wengi huuruka: ulipwe ndani ya siku 30, maana hati isiyo na stempu haipokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ushuru na faini vilipwe. Ikiwa inagusa kiwanja au nyumba yenye hati miliki, ipelekwe pia kwa Msajili wa Hati. Aliye nje ya nchi tayari anaweza kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania huko aliko.

Toa nakala halisi zaidi ya moja, na ipeleke benki wewe mwenyewe kabla ya kuondoka. Benki hupenda kuipitisha kwa wanasheria wake, na hulinganisha saini yako na ile iliyo kwenye kumbukumbu. Swali dogo ambalo ungelijibu kwa dakika mbili ukiwa kaunta linaweza kumzungusha mkeo mwezi mzima ukiwa umelazwa Dar es Salaam.

Mahali hati inapokomea

Kwanza, haihamishi ujuzi. Leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya kufunga umeme ni ya mtu aliyefuzu, kwa daraja lake. Mke mwenye hati anaweza kupokea fedha za kazi, lakini hawezi kuidhinisha fomu ya kuomba umeme TANESCO kwa leseni ya mumewe. Hapo inabidi mapema kutafuta fundi mwingine mwenye leseni, mkubaliane malipo kwa kila kazi, naye atie muhuri wake mwenyewe. Vijana wanne wanaweza kujua kuvuta nyaya kuliko bosi wao, lakini hilo haliwapi muhuri.

Pili, na hili ndilo zito, uwakala unakwisha mwenye mali anapokufa au anapopoteza akili timamu. Sheria inasema hivyo. Watu wengi huandaa hati wakifikiria ugonjwa, na ugonjwa wanaouogopa hasa, ule wa kiharusi kinachofuta kumbukumbu, ndio unaoiua hati. Ndugu aliye London anaweza kukwambia kwamba kwao mambo si hivyo, na yuko sahihi kuhusu kwao: Uingereza, chini ya sheria yao ya 2005 ya uwezo wa akili, ina hati maalumu inayosajiliwa serikalini na ambayo hubaki hai hata mwenyewe akipoteza fahamu. Usichukue fomu hiyo ukaitafsiri ukadhani itafanya kazi kaunta ya benki hapa Tanga.

Tofauti ya mwili na akili izingatiwe. Kiharusi kilicholegeza mkono lakini akili ipo hakivunji hati, na mgonjwa huyo bado anaweza hata kutoa mpya kwa dole gumba. Aliyepoteza akili ni jambo jingine: familia inakwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Na hapa niseme wazi, kwa kuwa jambo hili hufanyika. Kumshika mkono mzee asiyewatambua wanawe na kumbandikisha dole kwenye karatasi hakutengenezi hati. Kunatengeneza kesi, na wakili makini atakataa kuigonga muhuri.

Akifariki, hati imezikwa naye. Benki ikijulishwa inasimamisha akaunti, na kutoa fedha kwa hati ya marehemu kunaweza kukupeleka polisi. Wajibu unaobaki kwa aliyekuwa mwakilishi ni kuilinda mali: afunge duka, ahesabu mzigo, atunze daftari la madeni, kisha asubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, ambayo kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha ukoo.

| Hali ya mwenye biashara | Kadi | Saini ya pili benki | Hati mahsusi | Kampuni |
|---|---|---|---|---|
| Yuko safarini, mzima | Kwa dharura tu | Akaunti ile tu | Yote yaliyoandikwa | Inaendelea |
| Mgonjwa, akili ipo | Kwa dharura tu | Akaunti ile tu | Yote yaliyoandikwa | Inaendelea |
| Amepoteza akili | Hapana | Idhini imekwisha | Imekwisha | Inaendelea kwa wakurugenzi wengine |
| Amefariki | Hapana kabisa | Idhini imekwisha | Imekwisha | Inaendelea. Hisa zake huingia mirathi |

Ubia na kampuni

Ukitazama safu ya mwisho ya jedwali unaweza kusema basi kila mtu afungue kampuni. Taratibu kidogo.

Ubia ni mwepesi kusajili, jina la biashara likaandikwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa majina ya wabia. Lakini kila mbia anaweza kuwafunga wenzake kwa ahadi zake, madeni yanafuata mpaka mfukoni mwa kila mmoja, na kifo cha mbia huuvunja ubia isipokuwa mkataba umesema vingine. Kumwingiza yule mdogo asiyejua hesabu kuwa mbia ili tu biashara isisimame ni kununua tatizo la kudumu kwa ajili ya shida ya miezi sita.

Kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002 ni mtu wake yenyewe. Wakurugenzi hupitisha azimio la nani asaini benki, na mmoja akianguka mwingine anaendelea. Bei yake iko kwenye kodi na makaratasi: asilimia 30 ya faida, hesabu zilizokaguliwa, ritani ya kila mwaka BRELA. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kuwa chini ya utaratibu wa makadirio, ulio rahisi zaidi. Kampuni haina upendeleo huo. Isitoshe, kampuni hairithi TIN yako wala leseni yako. Unaanza upya, mikataba ya fremu na ya wateja inaandikwa upya, na hayo ni mambo ya kufanywa ukiwa na nguvu zako. Kwa karakana inayoomba zabuni za serikali, yenye gari, mkopo na vijana wengi, inalipa. Kwa fundi wetu na kaunta yake, bado.

Nani achague nini

Wa Hija au mafunzo ya mwezi mmoja: saini ya pili benki yenye kikomo, na fundi mwenye leseni wa kumshikia kazi. Asisumbuke na hati.

Wa Muscat: saini ya benki pamoja na hati mahsusi yenye tarehe ya mwisho. Moja bila nyingine itamkwamisha ama kaunta ya benki ama kwa wateja.

Mwenye ugonjwa wa muda mrefu unaojulikana, figo au moyo: hati leo, akili ikiwa safi, na sambamba nayo aandike wosia na kufikiria kampuni kwa uzito, kwa sababu hati itamwacha njiani palepale familia itakapoihitaji zaidi.

Kuhusu wa kumpa, mtoto wa kwanza au fundi hodari si jibu la moja kwa moja. Hati inaweza kutaja watu wawili, na kueleza kama watende pamoja au kila mmoja kivyake. Kwa fundi wetu ningempa mke fedha, kodi na madeni, na mdogo mtu usimamizi wa kazi za nje pasipo ruhusa ya kushika akaunti. Kisha ningeisoma hati hiyo mbele ya ndugu wa mume kabla ya safari. Shemeji aliyesikia mwenyewe kwamba mke amekatazwa kukopa, na kwamba mdogo mtu ndiye msimamizi wa kazi, hana la kunong'ona baadaye.

Ukirudi, usiiache hati ikielea kabatini, hata kama ulikuwa na furaha na kazi yote. Andika ya kuibatilisha mbele ya wakili, kusanya nakala zote, ijulishe benki kwa barua na upate muhuri wa mapokezi. Kwa watu wa nje, mamlaka ya mwakilishi yanaendelea mpaka wapate habari kwamba yamekwisha. Duka la jumla lililompa mzigo kwa nia njema, bila kuambiwa, litakudai wewe. Anza na hao wauza jumla kabla hata ya benki, maana wao hutoa mali kwa kuangalia sura.